Hukumu ya Brutus Isiwe Hukumu ya Darasa

Kila mwaka tunapomaliza kuusoma mchezo wa Julius Caesar, alioutunga William Shakespeare yapata mwaka 1599, na ambao tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya Mwalimu Julius Nyerere, ilichapishwa mwaka 1963, mimi huwauliza wanafunzi wangu shabaha ya mchezo huo. Jibu huwa moja: tamaa. Caesar alitamani ufalme, kwa hiyo akauawa. Neno hilo huandikwa, hupigiwa mstari, na daftari hufungwa. Sisi walimu ndio tuliowafunza hivyo, na nasema wazi kuwa tumewafunza vibaya.

Hebu tuulize: ni nani aliyetangaza mbele ya watu kwamba Caesar aliuawa kwa sababu ya tamaa yake? Ni Brutus, naye ni mmoja wa waliomchoma visu. Basi mwanafunzi aliandikaye jibu hilo pasipo kulipima amekuwa karani wa muuaji. Amenakili mashtaka akayaita hukumu.

Tumtazame Brutus usiku ule wa kuamkia mauaji, yu peke yake bustanini. Anakiri kwamba hajapata kumwona Caesar akiziachia hisia zake ziishinde akili. Kosa analomhukumia ni la kesho, nalo huenda lisitendwe kamwe. Wazee walituonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Brutus alikata sanda. Wala hakuwa mtu mbaya. Msiba wenyewe ni huo, kwamba mtu mwema alimwua rafiki yake kwa dhana, na sifa ya wema wake ikawafanya wengine wasiulize ushahidi.

Mtu aweza kusema kuwa namtetea Caesar. Sivyo. Caesar alijivuna mno, na hata dakika zake za mwisho alikataa kumsamehe mtu aliyeombewa na wengi. Mwanafunzi akimwona ana hatia, na aseme. Lakini alete ushahidi.

Umati wa Roma haukudai ushahidi. Brutus alipohutubia ulimshangilia, hata mmoja akataka yeye ndiye afanywe Caesar! Akaja Antony, akawakumbusha kwamba marehemu alilikataa taji mara tatu, akawasomea wosia unaompa kila raia drakma 75, na umati ule ule ukatoka kwenda kuchoma nyumba. Naye Antony hakupimwa. Baadaye twamwona akiuagiza wosia huo huo apate kupunguza yaliyoahidiwa.

Kisha laja onyesho fupi ambalo walimu wengi hulirukia mbali. Cinna, mshairi, anakutana na umati njiani. Wanamwuliza jina lake. Jina ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kuwa yeye ni Cinna mwingine, mtunzi wa mashairi tu. Haidhuru, wasema, jina latosha, nao wanamrarua. Hapo ndipo yalipofikia maneno yaliyopokewa bila kupimwa. Sisi Wakenya, ambao mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 tuliona watu wakiuawa kwa sababu ya kabila lao, hatuna ruhusa ya kulirukia onyesho hilo.

Najua mwalimu mwenzangu atasema kwamba mtihani hauna subira, nao wataka shabaha zihesabiwe moja, mbili, tatu. Na zihesabiwe. Lakini tukimzoeza kijana kulipokea neno kwa sababu limetamkwa na mtu mwenye heshima, au limeandikwa ubaoni, tumemfunza kuwa mtu wa umati ule, hata akipata alama zote.

Kwa hiyo, mwanafunzi, utakapoulizwa tena shabaha ya mchezo huu, usiharakishe kuandika tamaa. Andika kwanza ni nani aliyelisema neno hilo, alilisema lini, na alitaka watu waamini nini. Kisha toa hukumu yako, nasi walimu tuwe tayari kuisikia hata ikiwa si yetu.