Kiwanuka aliyemwachia Young

Mtu akitaja NFL ndani ya kibanda umiza cha Kitangari siku ya Simba na Yanga, atatazamwa kama aliyeamkia uraka. Mpira wa Kimarekani hauchezwi huku, na wengi wakiuona kwenye luninga hubadili stesheni. Lakini jina la Mathias Kiwanuka ni la hapa hapa Afrika Mashariki.

Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake Waganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, ambaye Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimtoa mahakamani Kampala, asirudi tena. Wazee waliopeleka vijana Kagera mwaka 1978 hawana haja ya kuelezwa Amin alikuwa nani.

New York Giants walimchukua mwaka 2006, raundi ya kwanza, akitokea Chuo cha Boston. Kazi yake ilikuwa kumwinda kwotabeki, yaani yule anayegawa mipira, na kumwangusha kabla hajaiachia.

Novemba 26 mwaka huo, ugenini kwa Tennessee Titans, Giants waliongoza 21-0 hadi robo ya mwisho. Titans wakaanza kurudi. Wakiwa kwenye jaribio lao la nne, Kiwanuka akamkumbatia kwotabeki Vince Young. Kilichobaki ni kumweka chini tu. Akadhani mpira umeshatupwa, akaogopa adhabu, akamwachia. Young huyoo, akakimbia! Titans wakasawazisha, kisha wakashinda 24-21.

Jamaa alikuwa bado mgeni kwenye ligi. Angeweza kuishia pale, akabaki kichekesho. Kocha Tom Coughlin hakumtupa. Novemba 2007 akavunjika mguu, timu ikatwaa Super Bowl yeye akiwa majeruhi. Mwaka 2010 shingo ikamtoa msimu. Februari 5, 2012, katika mji ule ule wa Indianapolis alikozaliwa, Giants wakaifunga New England Patriots 21-17, na safari hii alikuwa uwanjani. Aliondoka baada ya msimu wa 2014 akiwa ameangusha makwotabeki mara 38 na nusu. (Nusu ipo kwa sababu wawili wakimwangusha pamoja hugawana.)

Mkenya Daniel Adongo naye alifika. Colts walimsajili mwaka 2013 kutoka kwenye raga, hajawahi kucheza mchezo ule hata siku moja. Mwili na mbio alikuwa navyo, lakini kufikia mwisho wa 2015 hakuwa nao tena. Kuanza mchezo mpya ukiwa na miaka 23 ni mlima. Mwenzake alikuwa na walimu tangu sekondari.

Hapo ndipo Kitangari inapoingia. Chuo cha Ualimu kipo pale pale, na wanaotoka humo ndio watakaoshika filimbi kwenye shule za Newala, Masasi na kwingineko. Kwenye mashindano ya shule, mtoto akikosa penalti ya muhimu mara nyingi hasikiki tena: mwaka unaofuata anapangiwa kubeba jezi, au anaambiwa arudi kwenye mikorosho ya baba yake. Ana miaka 15. UMISSETA ijayo ikifika, jina lake liwe kwenye orodha ya kwanza ya majaribio, na mwalimu amwambie mapema kwamba lipo.