Mama, Umri Haujafunga Mlango wa Kompyuta

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulibeba moyoni bila kulitamka. Mtoto wa mwisho amekwisha kuingia shule ya sekondari. Kazi ambayo mama ameifanya kwa miaka 15 au 20 inazidi kupungua: hesabu za ofisi zinafanywa na programu, barua kila mtu anajichapia mwenyewe, na wateja wa duka wanaulizia bei kwa simu. Mama anatazama huku na huku na kujiuliza, “Nikianza kujifunza kompyuta leo, nikiwa na miaka 45, si watanicheka?”

Tunajibu kwa kutaja mwanamke aliyekutana na swali hilo kabla yetu. Dorothy Vaughan alizaliwa Marekani mwaka 1910. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari huko Farmville, jimbo la Virginia. Mwaka 1943, wakati wa vita, alipata kazi katika kituo cha serikali cha utafiti wa ndege huko Langley. Wakati huo alikuwa mke na mama wa watoto wanne. Baadaye walifika sita. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ndefu za wahandisi kwa mkono na kwa mashine ndogo za mezani. Wanawake waliofanya kazi hiyo ndio walioitwa “kompyuta”. Neno hilo lilikuwa jina la watu kabla halijawa jina la mashine.

Dorothy na wenzake Waafrika wa Marekani walitengwa katika ofisi yao, wakawa na meza yao ya chakula na vyoo vyao. Hata hivyo, mwaka 1949 alifanywa mkuu wa kundi hilo, akawa msimamizi wa kwanza mweusi mahali pale. Kisha mashine kubwa za umeme zikaanza kuingia, na kila aliyekuwa na macho aliona kwamba zitapiga hesabu kwa kasi ambayo binadamu hawezi. Mwaka 1958 shirika lile liligeuzwa kuwa NASA, na kundi la Dorothy likavunjwa. Ndio mwaka aliotimiza miaka 48.

Je, alirudi nyumbani kulalamika? La. Alihamia kitengo kipya cha mashine hizo pamoja na wengi wa wale aliowasimamia, akajifunza FORTRAN, lugha ya kuiagiza kompyuta ambayo kampuni ya IBM ilikuwa imeitoa mwaka 1957. Akawa fundi hodari wa lugha hiyo na kuendelea na kazi hadi alipostaafu mwaka 1971. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 98.

Lakini tuseme ukweli wote, maana hatupendi kumdanganya msomaji wetu. Dorothy alitamani kupata tena cheo cha usimamizi, na hakukipata. Elimu mpya ilimlinda asipoteze kazi. Haikumrudishia kiti chake cha zamani. Kwa hiyo mama anayeanza upya ajiandae kukaa chini kidogo kwa muda, pengine akifundishwa na kijana wa umri wa mwanawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Huenda msomaji akasema, “Huyo alikuwa mwalimu wa hisabati, tena wa Marekani. Mimi niliishia darasa la saba.” Basi tuvuke bahari kidogo tu, tufike Unguja. Huko Kinyasini kuna chuo cha Barefoot kilichofunguliwa mwaka 2015, ambacho huwafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Kabla ya hapo baadhi ya akina mama wa Zanzibar na wa Tanzania Bara walisafiri mpaka Tilonia, nchini India, ambako ndiko makao ya chuo hicho yalikoanzia mwaka 1972. Wengi wa wanafunzi hao ni watu wazima, baadhi yao ni mabibi wenye wajukuu, na wapo ambao hawakujua kusoma wala kuandika. Wanafundishwa kwa rangi, kwa alama na kwa kurudia kwa mikono mpaka mkono uzoee: waya upi unakwenda wapi, betri inaunganishwaje, taa iliyokufa inafufuliwaje. Baada ya miezi kadhaa mama anarudi kijijini kwake akiwa fundi.

Kwa nini walichaguliwa wanawake wa makamo? Mwanzilishi wa chuo, Bunker Roy, ameeleza mara nyingi kwamba kijana wa kiume akishapata cheti hukimbilia mjini kutafuta kazi, lakini mama mwenye mji wake hubaki na kuwahudumia majirani. Kumbe umri ambao sisi tunauona kuwa mzigo, wengine wameuona kuwa dhamana.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Mama anayetaka kuanza afanye nini?

Kwanza, azungumze na mumewe kabla ya kulipa chochote. Amweleze ni mafunzo gani, ni siku zipi, ni gharama kiasi gani, na nani atapika siku za darasa. Watoto wakubwa nao wapewe zamu. Mama akisoma huku kazi zote za nyumbani zikiendelea kumngoja yeye peke yake, atachoka kabla ya mwezi wa pili.

Pili, ada ya shule ya watoto isiguswe. Afadhali kuchelewa miezi sita huku ukiweka akiba kidogo kidogo katika kikundi chenu, kuliko kuanza leo na mtoto akarudishwa nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, auulizie ufundi kabla ya kuulizia chuo. Atembelee maduka, zahanati, shule na ofisi za karibu na kuuliza: ni kazi gani ya kompyuta mnayomlipa mtu aifanye? Mahali pengine watahitaji mtu wa kutunza hesabu, pengine wa kutengeneza simu, pengine fundi wa sola. Asisomee jambo kwa sababu tu jina lake linapendeza masikioni.

Nne, achunguze chuo. Kwa Tanzania aulize kama kimesajiliwa na NACTVET. Kwa Kenya aulize TVETA. Aende siku ya masomo na kuhesabu: wanafunzi wangapi kwa kompyuta moja? Wakiwa watano, mmoja atabonyeza na wanne watatazama. Mahali pa namna hiyo aache pesa zake mfukoni.

Tano, aanze na alichonacho. Mama aliyetunza daftari la kikundi kwa miaka kumi tayari anajua hesabu za kuingia na kutoka. Kinachobaki ni kuzihamishia kwenye mashine. Aliyeuza nguo anajua wateja wake wanataka nini. Kijana aliyemzidi kwa wepesi wa vidole hana ujuzi huo, na hawezi kuusoma kwa wiki sita.

Na watakaocheka, waache wacheke. Wiki za mwanzo vidole vitakuwa vizito, na maneno mageni yatakuwa mengi. Uliza, andika, rudia. Kuuliza si ujinga. Ukishajua, mfundishe na jirani yako, maana wapo wengi wanaongoja kumwona mmoja wao akitangulia ndipo nao wapate moyo.