Dada Staa, Ulichokalia Pale ni Kaburi

Jina sitaji. Utaratibu wa hapa mnaujua, halafu mimi hela ya wakili sina. Ila video mmeiona wote. Gauni jekundu, shela linapepea, dada wa watu kakaa juu ya ukuta wa mawe, nyuma yake nguzo ndefu ya zamani. Laiki kama mvua. Mkamuuliza, "Dada, hapo ni Zanzibar?" Akawajibu na kale kakatuni kaliko kafunga mdomo, eti siri yake.

Sio Zanzibar na sio siri. Ni Kaole, kilomita kama 5 kutoka Bagamoyo mjini. Na ule ukuta ni kaburi.

Najua kwa sababu siku ile nilikuwepo.

Nilikuwa nimempeleka shangazi yangu. Binti yake kakaa kwenye ndoa miaka saba hana mtoto, maneno ya mawifi mnayajua wenyewe. Shangazi akaenda Kaole kwa Sharifa, akaweka nadhiri kwamba akijaaliwa mjukuu atarudi kushukuru. Mjukuu kapatikana, sasa hivi ana miezi minne na mashavu yake hayo. Basi tukapanda daladala kutoka Dar, stendi ya Bagamoyo tukachukua bajaji. Shangazi na kikapu chake: ubani, maji ya waridi, kitambaa cheupe. Hajala asubuhi, anasema hawezi kwenda pale na tumbo limejaa.

Kwa wasiojua, Sharifa ni mwanamke wa ukoo wa Mtume, ndivyo wenyeji wanavyosimulia, kazikwa pale zamani sana. Mpaka leo watu wanamwendea na shida zao. Uzazi, maradhi, kesi, mtu anataka kusafiri. Sio Waislamu peke yao, nimewaona wa kila aina.

Shangazi yuko katikati ya dua, mikono juu, akaja kijana mmoja wa ile kamera. Mpole tu, simsingizii. Akasema, "Samahani mama, sogea kidogo upande ule, unaonekana kwenye shoti."

Na shangazi akasogea! Akasema, "Haya mwanangu," akakusanya kikapu chake, akaenda kumalizia dua yake karibu na mbuyu. Mimi nimebaki nimesimama kama mlingoti, mdomo umekauka. Nadhiri ya miaka saba ikaambiwa isogee, inaharibu picha.

Nilipoandika hili juzi kwa kifupi, timu yake ikanivamia. Nawajibu hapa kwa nafasi.

Mmesema "yale ni magofu tu". Neno hilo ndilo linalotuponza. Msikiti wa zamani pale ni wa karne ya 13, watu wameswali Kaole wakati hakuna Mreno wala Mjerumani aliyeijua pwani hii. Yapo makaburi 22, mengine na nguzo zake ambazo zilipachikwa bakuli za kutoka China. Wakazi waliondoka, mikoko ikaziba bandari, mtaalamu Chittick akaja kuchimba mwaka 1958. Sawa, mji ulikufa. Ila waliozikwa hawakuhama, na wanaokuja kuwaombea hawajawahi kuacha. Gofu ni nyumba isiyo na mtu. Pale pana watu.

Halafu nawauliza kitu kimoja, mnijibu bila matusi. Pale pale Bagamoyo iko Misheni ya Wakatoliki, na makaburi ya mapadri, wale waliokuja 1868. Dada yetu angeweza kwenda kupanda juu ya kaburi la padri na gauni lile? Angetolewa nje kabla hajapaka lipustiki. Na yeye mwenyewe asingethubutu, kwa sababu akiona msalaba anajua hapa ni mahali pa watu. Akiona nguzo ya mawe ya babu zake anaona lokesheni.

Mmesema "anatutangazia utalii". Utalii gani bila jina? Kaole hakuiandika popote. Aliyefaidika ni duka la gauni, lenyewe limetajwa mara mbili.

Mmesema "kalipa kiingilio". Hata shangazi kalipa.

Na wale mliokuja na hoja kwamba kuomba makaburini ni shirki, nyie mkalimalize na mashehe wenu, limeanza kabla hatujazaliwa. Ila hata anayesema ni shirki hasemi mkalie kaburi. Hapo wote wanakubaliana.

Sasa nisijifanye malaika. Kidato cha pili tulipelekwa Kaole ziara ya shule, na mimi ndiye niliyepanda juu ya kaburi moja nikapiga picha na vidole viwili juu. Mwalimu alicheka. Nilikuwa na miaka 15 na simu ya kuazima. Picha ile ninayo bado, siifuti, kila nikitaka kumwita mtu mshamba naiangalia kwanza. Tofauti ni kwamba mimi hakuna aliyeniiga. Huyu ana mamilioni nyuma yake, na wiki iliyofuata nimeshaona maharusi wawili wamekaa pale pale, pozi lile lile.

Wanaosema haiwezekani kuzuia, waangalie India. Wajaini wana mlima wao wa hija unaitwa Shikharji, kwenye jimbo la Jharkhand. Wanaamini walimu wao wakuu 20 kati ya 24 walipata ukombozi kule juu. Watu wanapanda kwa miguu, wengi wanafunga. Serikali ikataka eneo lile liwe la utalii, wao wakaona kesho zitaingia pombe na nyama choma. Mwisho wa 2022 wakaingia barabarani, miji mingi, na Januari 2023 serikali ikasimamisha shughuli za utalii mlimani. Na Wajaini kule ni wachache sana, hawafiki hata mtu mmoja kwa kila Wahindi mia.

Mimi sijasema watu wasipige picha Kaole. Pigeni, ule mbuyu umekaa kama umeumbwa kwa picha, kisima kipo, mikoko ipo, kijumba cha makumbusho kipo na vyungu vya Kichina. Ila kaburini simama pembeni. Na ukimkuta mama anaomba, wewe ndiye usogee.

Shangazi nimemwonyesha hii posti kabla sijairusha. Kaniambia nitoe jina lake, nimetoa. Kaniambia pia nisimtukane yule binti, ana mama yake. Hilo nimejitahidi. Komenti ziko wazi, atakayetaja jina la staa namfuta.