Kachumbari ya Stendi

Basi likisimama Mikumi, mikono hutoka madirishani: mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, mishikaki. Hata safari ya kwenda Kilosa huanzia hapo, na watoto hulilia kila kinachopita. Hatusemi msinunue. Wauzaji wengi ni wanawake wenzetu, na ada za shule hutoka katika beseni hilo.

Tunachokiogopa sisi wauguzi ni kachumbari. Yai limo ndani ya ganda lake, hindi limetoka motoni, lakini nyanya zimeoshwa kwa maji gani? Tuliwahi kumpokea mtoto aliyeharisha hadi macho yakazama. Mama yake aliyalaumu mayai. Kumbe ndugu zake nao walikula mayai, ila yeye peke yake aliongezewa kachumbari.

Mtoto akiharisha, koroga paketi moja ya ORS katika lita moja ya maji safi, umnyweshe kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Safarini tumfungie viazi vitamu vya kuchemsha au ndizi mbivu. Mlenda na kisamvu cha karanga vingoje nyumbani (mlenda tulijaribu kuufunga, kanga ikaharibika!).

Nawe dada unayeuza, weka ndoo ya maji yenye koki na sabuni kando ya jiko. Mteja akikuona unanawa, kesho atakutafuta wewe.