Filamu Nne za Likizo, na Alama Tusizokubaliana



Likizo ya Agosti imekwisha, sare zimepigwa pasi, na daftari letu la filamu limejaa kuliko tulivyotarajia. Wasomaji wa safu hii wanaijua desturi yetu sisi mawifi watatu tunaoiandika. Jioni moja kwa wiki, baada ya Isha, simu zote hutiwa katika sinia na kuwekwa juu ya kabati, kisha huketi mkekani na watoto wetu na bibi yao kutazama filamu tuliyoichagua wenyewe. Ikiisha, kila mmoja hutaja alama kati ya kumi na kueleza sababu. Anayesema "nzuri tu" hukosa fungu lake la bajia. Sheria hiyo ni ya bibi, naye huitekeleza bila huruma.

Mwezi huu tulitazama nne. Tatu tutazieleza kwa kadiri ya nafasi. Ya nne imezua jambo nyumbani ambalo hadi tunapoandika halijaisha.

Tulianza na Children of Heaven, filamu ya Iran ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Majid Majidi. Kisa chenyewe ni chepesi kiasi kwamba mtu angeweza kukisimulia chote akiwa anangoja feri Likoni. Kijana aitwaye Ali ametumwa kupeleka viatu vya dadake Zahra kwa fundi, na kabla hajafika navyo nyumbani vinapotea. Mama ni mgonjwa, kodi imelimbikizana, na baba hana pa kupata jozi nyingine. Basi wale wawili wanaificha siri yao na kuvaa raba za Ali kwa zamu. Zahra anasoma asubuhi, Ali anasoma mchana, na kila siku mmoja anakimbia kumpokea mwenzake vichochoroni ili asichelewe darasani.

Katika filamu hiyo hakuna mtu mbaya. Hakuna mwizi wala tajiri katili. Umaskini umo, lakini watu wake wana haya na wana adabu, na jambo hilo ni adimu kuliko mtu anavyodhani. Tukio moja tulilitazama mara mbili. Baba ameketi sakafuni akivunjavunja sukari ya msikiti aliyokabidhiwa kwa ajili ya chai ya waumini. Zahra anamletea chai, naye baba anaulizia sukari. Mtoto anashangaa, kwani sukari imejaa tele mbele yake. Baba anamweleza kuwa ile ni mali ya msikiti, yeye ameshikishwa tu. Hapo bibi aliagiza filamu isimamishwe, akanyamaza kidogo, akatutazama sisi watu wazima badala ya watoto. Kati yetu wapo waliowahi kushika fedha za kamati ya arusi, na wapo waliowahi kushika za kisomo. Hatukusema neno.

Mbele kidogo Ali anaingia katika mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Hahitaji ushindi wa kwanza, wala wa pili. Yaliyotokea hatutayasema. Tunasema tu kwamba kitinda mimba wetu wa miaka saba alitoa kumi kwa sababu ya samaki wa mwisho, na kwamba asiyeitazama hataelewa ni samaki gani. Wengine tulitoa 9. Bibi pia alitoa 9, naye hajapata kutoa kumi tangu tuanze desturi hii. Asema ukamilifu hauko katika kazi ya mja.

Ya pili ilikuwa Wadjda ya mwaka 2012, kazi ya Haifaa al-Mansour, mwanamke wa Saudia. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya nchi hiyo, wakati ambapo haikuwa na majumba ya sinema. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Mwongozaji mwenyewe amesimulia kuwa katika baadhi ya mitaa ya Riyadh alilazimika kukaa ndani ya gari na kutoa maagizo kwa redio ya mkononi, kwani haikuelekea aonekane akifanya kazi hadharani na wanaume.

Wadjda ni msichana mwerevu, mtundu, mwenye ulimi, anayetamani baiskeli ya kijani ili ashindane na mtoto wa kiume wa jirani. Bei yake ni riyali 800. Anajiunga na mashindano ya Qur'ani shuleni, ambayo zawadi yake ni riyali 1,000, na anaanza kuhifadhi kwa bidii ambayo walimu wake hawajapata kuiona. Hapo mjadala uliwaka, maana watoto wetu nao huingia mashindano ya madrasa, na zawadi huzijua kabla ya kuzijua sura. Mmoja aliuliza kama Wadjda anapata thawabu ilhali akili yake iko kwenye baiskeli. Tulimwambia amuulize maalim wake. Amemuuliza, na jibu bado twalingoja.

Kuna upande mwingine wa filamu hiyo ambao hatukuwaeleza watoto. Mamake Wadjda anaishi na hofu kwamba mumewe ataoa mke wa pili, na hofu hiyo imepigwa picha kwa utulivu mkubwa, katika namna anavyochagua nguo na namna anavyosikiliza simu. Chumba chetu kilinyamaza kimya ambacho wadogo hawakukielewa. Dada zetu wengi watakielewa. Kwa hiyo tunashauri itazamwe na watoto wa miaka kumi na miwili kwenda juu, na mama awe karibu. Alama zetu ni 7. Tulizipunguza kwa sababu ya mwalimu mkuu wa shule, ambaye amechorwa kwa rangi moja tu. Tumesomeshwa na walimu wakali, nao walikuwa na rangi zaidi ya hiyo.

Watu Wote ni fupi, dakika 22 hivi, nasi tutakuwa wafupi. Inatokana na tukio la tarehe 21 Desemba 2015 kaunti ya Mandera, pale basi lilipovamiwa na al-Shabaab, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Wanawake waliwapa wenzao hijabu wajisitiri nazo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Filamu ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath, na ikafika katika orodha ya mwisho ya tuzo za Oscar mwaka 2018. Kitu kilichotugusa ni kwamba mwanamke Mkristo anayefuatwa na kamera hapandi basi akiwa na mapenzi nasi. Ana jeraha lake, na anatuogopa. Hijabu anapewa na mtu aliyekuwa akimwonea shaka. Mna bunduki na mna damu, kwa hiyo wadogo tuliwalaza kwanza. Tulitoa 8, na bibi alitoa 9, akaenda kuswali rakaa mbili.

Sasa tuje kwenye ya nne.

Subira ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ravneet Sippy Chadha, na ndiyo Kenya iliyoipeleka kushindania Oscar mwaka uliofuata. Msichana wa Amu anatamani kuogelea baharini. Anaambiwa si jambo la mwanamke. Anaozwa kwa mpango wa wazee, anakwenda Nairobi kwa mumewe, na ile hamu ya maji inamfuata hadi ndani ya ndoa.

Tuseme kwanza yasiyotupendeza. Bibi, ambaye mamake alitoka Amu, alilalamika kwamba hakukisikia Kiamu cha kutosha, nasi tunakubaliana naye. Vilevile, wazee ndani ya filamu wanakataza sana na wanaeleza kidogo. Wazee wetu hukataza, lakini kueleza nako wanakuweza, tena kwa kirefu. Hata hivyo Amu yenyewe imepigwa picha kwa macho yanayoipenda, na mwigizaji mkuu, Brenda Wairimu, anaibeba filamu mabegani mwake.

Alama zilipotajwa, bibi alisema 2. Alisema siri za nyumba hazianikwi, na kwamba binti aliyeolewa ana mambo mengine ya kufikiria. Zamu ikamfikia binti wa mmoja wetu, mwenye miaka kumi na mitatu, mtoto ambaye kwa kawaida hutoa tano ili asibishane na mtu. Alitoa 10. Bibi akamuuliza sababu.

"Kwa sababu kila mtu alijua anataka nini, Bibi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini."

"Na wewe, mjukuu wangu, wataka nini?"

Akasema anataka kujifunza kuogelea. Kaka zake wote wanaijua bahari. Yeye huitazama kupitia dirisha la matatu.

Bajia zilipoa. Tuliokuwa pale tuligawanyika palepale, na ni haki msomaji ajue hivyo, kwa sababu neno "sisi" katika safu hii huwa linaficha mengi. Mmoja wetu alisema ni haki ya mtoto. Tumezoea kusikia mimbarini kwamba wema waliotangulia walihimiza watoto wafundishwe kuogelea, na hatujasikia ikisemwa kuwa ni wavulana peke yao. Mwingine alikataa katakata, na hoja zake si za kupuuzwa. Pwani za umma zimejaa watu, na kila mtu ana simu yenye kamera. Nguo iliyolowa hugandamana na mwili hata iwe pana vipi. Picha ikishapigwa hairudi. Wa tatu alikaa katikati, na huko ndiko kugumu zaidi. Baba wa binti, ambaye yuko kazini Doha, alitumiwa ujumbe wa sauti usiku uleule. Jibu lake lilikuwa fupi: yeye hana pingamizi endapo bibi ameridhia.

Bibi hakujibu siku tatu. Siku ya nne, tukichambua mchicha uani, alituhadithia jambo ambalo sisi, tulioishi naye miaka yote hii, hatukuwahi kulisikia. Alikuwa msichana, akirudi na mamake kutoka arusini Pate. Kusi ilikuwa kali. Kabla hawajafika Mkanda mashua ilianza kuingiza maji kuliko walivyoweza kuyakumba. Nahodha aliuliza ni nani wasioweza kuogelea, ili wakae karibu na mlingoti. Wanawake wote walisogea. Mamake, ambaye alizaliwa na kukulia hatua chache kutoka ufukoni, alisogea naye akiwa amemshika mkono. Kijana mdogo wa nahodha, asiyezidi miaka tisa, alibaki ukingoni akicheka, maana yeye hakuwa na la kuogopa. Walifika salama, alhamdulillahi. Bibi alisema alichokikumbuka maisha yake yote si mawimbi. Ni kicheko cha yule mtoto.

Kisha akauliza maswali matatu: nani atamfundisha, atavaa nini, na wapi.

Kutafuta majibu kulituchukua wiki mbili. Dera halifai, kwani likilowa huwa zito na humvuta mtu chini. Yapo mavazi ya kuogelea yenye stara, ya kitambaa kisichonywa maji, yenye kofia na sketi juu ya suruali, ila bei ya madukani ilitushinda, basi fundi wetu wa mtaani akashona moja baada ya kuonyeshwa picha. Mahali tulipata penye bwawa lenye ukuta mrefu, ambapo asubuhi moja kwa wiki ni ya wanawake na wasichana tu, na simu huachwa mlangoni. Mwalimu ni mwanamke. Ada si haba, na kwa mwezi huu tumeichanga.

Jumamosi ya kwanza imepita. Bibi alikwenda, akapewa kiti cha plastiki, akakisogeza hadi ukingoni mpaka mwalimu akamwomba akirudishe nyuma. Binti alijifunza kupuliza mapovu na kushika ukuta huku akipiga miguu. Alikunywa maji, akakohoa, bibi akasimama, akaambiwa aketi. Wasichana wengine walikuwa saba, na mmoja wao ni mama wa watoto wanne.

Wifi yetu aliyekataa hajabadili msimamo wake. Ametusaidia kushona lile vazi, kwa sababu alisema kama lazima liwe basi liwe refu, lakini ametaka iandikwe hapa kwamba angali anakataa, nasi tumeiandika. Kwa Subira yeye alitoa 4. Kwa jumla imepata 6, wastani ambao haumwakilishi mtu yeyote aliyekuwa chumbani. Tulimuuliza bibi kama angependa kuibadili ile 2 yake. Alisema filamu ni ileile.

Wiki ijayo, inshaallah, tutatazama The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, kwa ajili ya vijana ambao hawajaiona. Walio na nakala ya Kiarabu, ambayo Hamza ni Abdullah Gaith, tunaomba watuazime. Yetu ni ile ya Kiingereza ya Anthony Quinn, na bibi amechoka kutafsiriwa.