Chihuahua si kidoli, acha kumcheka akinguruma

Kila wiki kuna video mpya: Chihuahua kashikwa kwa mkono mmoja, meno nje, mwili unatetemeka, na mwenyewe anacheka hadi picha inacheza. Chini yake watu wanaandika eti “mkali wa mtaa”. Mimi sicheki. Huyo mbwa anaogopa, bana.

Hebu mwangalie vizuri. Jina lake ni la jimbo la Mexico, na kanuni za maonyesho ya mbwa Marekani zinataka asizidi kilo 2.7 hivi. Yaani pakiti ya unga na kitu kidogo juu. Kichwa mviringo kama tofaa, macho yametokeza, masikio yamesimama kama antena. Wengi wana utosi laini kama wa mtoto mchanga, na kuna wanaozeeka nao hivyo hivyo. Sasa na mwili huo, kila mgeni kwako ni ghorofa, na mkono unashuka kutoka juu bila hodi. Wewe usingebweka?

Mbwa wa geti akinguruma, hakuna anayetoa simu. Tunarudi nyuma na heshima zetu. Huyu mdogo akinguruma tunamsongelea zaidi. Naye si mjinga, anajifunza haraka kwamba kunguruma hakusikizwi, basi anang’ata. Halafu anaitwa hana adabu, na hakuna aliyewahi kumfunza hata kukaa chini, kwa sababu “si ni kadogo tu”.

Hata kutetemeka si hofu kila mara. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kwa hivyo ile sweta yake Julai hapa Nairobi si maringo. (Yako je?)

Wanaoniudhi kabisa ni wauzaji wa “Chihuahua wa kikombe”. Hakuna aina rasmi ya hivyo. Ni yule yule, amezalishwa awe mdogo kupita kiasi: akiruka kutoka kwa kochi anaweza kuvunjika mguu, na akiwa mchanga, kukosa mlo saa chache tu kunaweza kushusha sukari mwilini hadi azimie. Unalipa pesa zaidi upate ugonjwa zaidi.

Na anaweza kuishi miaka 14 au hata zaidi. Bedsita yako uko na uhakika nayo hadi lini?

Kama bado unamtaka, sawa. Siku ya kwanza keti sakafuni, nyamaza, mwache aje mwenyewe. Simu iache mezani.