Wenye Viwanda vya Mbao na Malengo ya Mwaka 2030

Wengi wetu tusikiapo habari za Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwezi wa Septemba 2015, hudhani kuwa hiyo ni kazi ya serikali na ya wasemaji wa mikutanoni. Mfanyabiashara, kwa fikira zetu, amekwisha timiza sehemu yake akileta jezi za mpira ama madawati kumi, akapigwa picha, akaenda zake. Sikatai madawati, maana naandika haya juu ya dawati mojawapo. Lakini nasema kuwa angetusaidia zaidi kwa kuifanya vema biashara yake ya kila siku, hata asitoe zawadi yoyote.

Tuitazame Mafinga yetu. Mji huu waishi kwa miti. Shamba la serikali la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali katika Tanzania, na vijijini nyumba nyingi zina misindano ama milingoti yake. Msindano wataka miaka 18 na zaidi upate kutoa mbao nzuri. Hata hivyo miti mingi ya wanavijiji huangushwa ikiwa na miaka 8 ama 10, nayo hutoa mbao laini, zenye kupinda, za bei ndogo. Si kwamba mkulima hajui. Shida haiungoji mti.

Baba yangu aliuza misindano yetu ikiwa na miaka tisa, mwezi ule niliotakiwa kufika kidato cha kwanza na godoro, sare na nauli. Mnunuzi hakupima hata mti mmoja. Alizunguka shamba mara moja, akataja bei ya shamba zima, naye alijua wazi kuwa tarehe ya shule haisogei. Simtukani, alikuja kufanya biashara. Lakini kama angalipima mti kwa mti, akatanguliza sehemu ya fedha kwa mkataba ulioandikwa na kuiacha miti ikue, yeye angalipata magogo manene baadaye, na baba angalipata bei ya haki. Vyama vya wakulima wa miti, ambavyo mpango wa Panda Miti Kibiashara ulivisaidia kuanzia mwaka 2014 kwa fedha za Finland, vyaweza kusimama badala ya mkulima mmoja mmoja katika mapatano ya namna hiyo.

Watu watasema kuwa mnunuzi mwenye kulipa vizuri atashindwa na mwenzake alipaye kidogo. Ni kweli, na kwa sababu hiyo yafaa leseni wapewe wale tu wanaokubali kupima.

Tena kuna upotevu. Mashine za dingdong zina msumeno mnene, na zaidi ya nusu ya gogo huishia kuwa mabanzi na maranda. Maranda hayo huchomwa, nasi twavuta moshi wake. Jirani zetu wa Njombe walifanya vingine: kampuni ya TANWAT ilijenga mwaka 1995 mtambo wa umeme wa megawati 2.5, unaochoma mabaki ya miti. Mwenye dingdong moja hawezi kujenga mtambo, lakini wenye mashine kumi waweza kukusanya maranda yao mahali pamoja na kumwuzia mwenye kuyahitaji. Na wakiwa katika kuhesabu faida, wawanunulie vijana wao glavu na kuufunika msumeno, maana Lengo la 8 lataka kazi yenye staha, na vidole havichipui kama milingoti.

Mwaka ule ule baba alipanda tena. Misindano hiyo sasa ina miaka mitatu. Mdogo wangu yuko darasa la pili. Ataingia kidato cha kwanza ikiwa bado haijakomaa.